Miguu Niliyopewa na Baba

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa pia kocha wa riadha wa mji wetu bila mtu yeyote kumteua. Ilianza kwa kaptura. Klabu ya mbio ilimwita akawapime wanamichezo kumi na wanne awashonee sare. Akaenda na futi yake shingoni na penseli nyuma ya sikio, akapima, akamaliza, halafu akabaki pembeni mwa uwanja akiwatazama wakikimbia. Kesho yake akarudi. Alisema anataka kuona kama kaptura zitabana kwenye paja mtu akikaza mwendo. Juma la pili kaptura zilishavaliwa, na bado anakwenda. Mwalimu aliyekuwa akiwasimamia alipohamishwa, hakuna aliyeuliza nani atashika nafasi yake. Fundi alikuwa keshafika, saa mkononi, anawaambia wapige mzunguko mmoja zaidi.

Watu walimwita Fundi Futi. Ukimpelekea kitambaa cha suruali, ulirudi na suruali pamoja na mawaidha ya namna ya kukanyaga. Nakumbuka karani mmoja wa posta aliyekuja kupimwa suti ya harusi.

"Bega lako la kulia limeshuka," baba akamwambia, pini zikiwa mdomoni. "Unabeba mkoba upande mmoja. Ukikimbia hivi utakuwa unazunguka kama kuku aliyefungwa mguu."

"Fundi, mimi nimekuja kushona suti. Sikimbii popote."

"Anayeoa naye anahitaji pumzi," baba akasema, akaendelea kuandika.

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango wake ukifunguka barabarani. Kulikuwa na cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia ndefu kama kitanda, benchi la wateja, na sanamu la kiwiliwili lisilo na kichwa ambalo mama aliliita mke mwenza. "Yeye ndiye anayevalishwa kwanza," alikuwa akisema, "mimi napata makombo ya kitambaa." Mpaka leo nikipita mahali mtu anapiga pasi nguo mbichi ya sufu, ule mvuke wenye harufu ya chaki ukanipata, nasimama. Sina haraka ya kwenda popote kwa dakika nzima.

Juu ya rafu, kando ya daftari za wateja, lilikaa daftari moja la jalada jekundu. Hilo lilikuwa la wakimbiaji. Kila mmoja alikuwa na ukurasa wake: urefu wa mguu kutoka nyonga hadi kifundo, mzunguko wa paja, mzunguko wa muundi, kifua pumzi ikiwa ndani na pumzi ikiwa nje. Upande wa pili wa ukurasa aliandika muda wao wa mbio, tarehe kwa tarehe. Baba aliamini kwamba mwili wa mtu umeshasema kila kitu kabla mwenyewe hajafumbua mdomo. Alikuwa amepima miili maelfu, na kwa kweli mara nyingi alipatia. Alikuwa akimwangalia mtoto anavuka barabara, anasema, "Yule ni wa kuruka," na miezi sita baadaye yule mtoto anaruka.

Nilipotimiza miaka kumi na miwili nilimwomba aniandikie ukurasa. Nilikuwa nimeshakaa uwanjani naye tangu sijaota meno ya pili, nikibeba chupa za maji na kuhesabu mizunguko, na sikuwa na ndoto nyingine zaidi ya mbio. Akatabasamu, akaniambia nisimame wima. Futi ikapita nyongani, ikashuka. Akapima mguu wa kulia. Akapima wa kushoto, kana kwamba huo ungeweza kuwa na habari njema zaidi. Halafu akakaa chini kwenye kiti chake cha cherehani, futi ikining'inia mkononi.

"Inchi ishirini na tano," akasema.

"Ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni yangu." Akanitazama kwa huruma ambayo sikuielewa. "Miguu hii umeipata kwangu, mwanangu. Nisamehe."

Mama, aliyekuwa mkunga hospitalini na ndiyo kwanza anaingia na sare yake nyeupe, alisikia. Akaweka mfuko chini.

"Unaomba msamaha wa nini? Kama vile mtoto ulimshona mwenyewe! Na mimi sikuchangia?"

"Ulichangia masikio," baba akasema.

"Basi na akimbie kwa masikio!" Akaenda zake jikoni anacheka. Mimi nililia kidogo, nikaacha, nikavaa raba zangu nikaenda uwanjani.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya kiwanda cha matofali. Njia ya kukimbilia ilikuwa ya udongo uliochanganywa na majivu ya tanuri, na mistari baba aliichora mwenyewe kwa chokaa kila Jumamosi, akiinama na kopo lenye tundu, moja kwa moja bila kamba, mikono ile ile iliyozoea kukata kitambaa. Tulifanya mazoezi saa kumi na mbili asubuhi kabla ya shule. Kwa miaka miwili sikukosa hata siku moja. Mvua ilinikuta pale, mafua yalinikuta pale. Niliwapita wasichana wote wa umri wangu, mmoja baada ya mwingine, na nikaanza kuamini kwamba daftari jekundu halijui kitu.

Ndipo binti wa mwoka mikate alipokuja kupimwa sketi ya shule.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwaka mmoja nyuma yangu, mrefu, anatembea kama mtu anayevuka maji asitake kulowa. Shuleni tayari walimwita Korongo. Alikuja na mama yake, mwanamke mkimya aliyekuwa akiuza mikate dirishani mwa duka la mumewe. Nilikuwa nimekaa sakafuni natoa nyuzi za kushikizia kwenye koti la mteja. Niliona penseli ya baba ikisimama.

"Inchi thelathini na tatu," akanong'ona. Akapima tena. Kisha akamgeukia yule mama. "Shemeji, wewe ulikuwa unakimbia shuleni."

Yule mama akainamisha uso. "Zamani hizo, fundi."

"Najua zamani. Nilikuwepo. Ulinipita kwenye mita mia nne mbele ya shule nzima, na mimi mwanaume nina ndevu."

"Zilikuwa ndevu tatu," yule mama akasema polepole, na wote wawili wakacheka. Lilikuwa kama jambo la juzi.

Baba akamwambia Korongo kwa sauti ya kawaida, kama anayemtuma dukani: "Hebu kimbia mpaka kwenye nguzo ya mwisho ya taa, urudi. Na wewe," akanigeukia, "msindikize."

Mimi nilikuwa na raba. Yeye alikuwa na kandambili, na aliposikia nikisema "Haya!" alizivua akaziacha mlangoni. Tulikwenda sambamba mpaka nguzo ya pili. Baada ya hapo niliona kisigino chake, halafu nyayo zake, halafu mgongo wake wote. Aliporudi mlangoni alikuwa anavaa kandambili zake wakati mimi bado nakuja. Hata hakuwa anahema. Aliuliza kama sketi itakuwa tayari Ijumaa.

Jioni ile nilikaa chini ya meza ya kukatia, mahali nilipokuwa nikijificha utotoni, ingawa miguu yangu, mifupi hivyo hivyo, haikuenea tena. Miaka miwili ya kuamka alfajiri, na mtu amenishinda kwa sababu mama yake ni mama yake.

Korongo alijiunga na klabu. Nataka niseme alikuwa na maringo, ingekuwa rahisi kwangu, lakini hakuwa nayo. Alikuwa mchangamfu, mvivu, mkarimu. Alichelewa karibu kila siku, na alipofika alileta mikate ya jana, akatugawia, akasimulia vichekesho mpaka baba akampigia kelele. Kuna siku hakuja kabisa. Akiulizwa anasema alilala. Watu wa mjini wakimwona akikimbia walisema maji hufuata mkondo, wakatikisa vichwa kwa raha. Wakiniona mimi walisema, "Huyu anajitahidi." Hakuna neno nililolichukia kama hilo.

Katika siku zile alikuja daktari mmoja wa hospitali alikofanyia kazi mama, mteja wa kupunguziwa mikono ya koti, na baba akamweka benchini kwa saa nzima. Alitaka kujua kwa nini mtoto mmoja ukimfundisha mwezi anabadilika, na mwingine mwaka mzima yuko pale pale.

"Misuli ina nyuzi," daktari akaeleza. "Kuna nyuzi za haraka, zinawaka na kuzimika upesi. Kuna nyuzi za subira, zinakwenda mbali. Kila mtu anazaliwa na mchanganyiko wake, anaupata kwa baba na mama."

Baba akaacha kukanyaga cherehani. "Kumbe na mtu naye ana nyuzi!" Alifurahi kama aliyepata ndugu aliyepotea. "Na mazoezi?"

"Mazoezi yanakuza moyo, yanaongeza damu, yanaufundisha mwili kutumia pumzi. Lakini hata hapo, fundi, mwili mmoja unayapokea haraka, mwingine unakawia. Hilo nalo kwa kiasi fulani ni la kurithi."

"Kwa hiyo hata faida ya jasho tunarithi?"

"Kwa kiasi."

"Kiasi gani?"

Daktari akavaa koti lake, akanyoosha mikono kuangalia urefu. "Kwa mtu mmoja mmoja, hakuna anayejua mpaka atoke hilo jasho."

Baba alilirudia jibu hilo kwa majuma. Na kutokana nalo alinihamisha. Tangu mwanzo nilikuwa nikikimbia mita mia nne. Akaniambia mbio fupi zinataka nyuzi za haraka, na mimi, kama yeye, sina za kutosha. Twende elfu moja mia tano, tuone hizo za subira zikoje. Tukaona. Nilianza kwa dakika tano na sekunde arobaini na nane. Mwaka ulipokwisha nilikuwa dakika tano na sekunde kumi. Nikajua nimepata mbio yangu.

Korongo akasema anataka kuijaribu na yeye. Bila maandalizi yoyote, siku ya kwanza, alikimbia dakika tano na sekunde tisa.

Nilivumilia mpaka nilipofika miaka kumi na saba. Mwaka ule Korongo aliacha mazoezi miezi mitatu kwa sababu baba yake aliumia mkono na tanuri lilimhitaji. Mimi miezi mitatu ile nilikimbia kama mwenye wazimu. Siku ya mashindano ya shule zote za eneo letu alikuja na unga bado nyuma ya sikio. Niliongoza mizunguko mitatu. Nilianza kufikiria nitasema nini nikipewa kikombe. Kwenye kona ya mwisho nikasikia hatua zile ndefu, tap, tap, tap, zisizo na haraka, zikanipita. Alishinda kwa mita nne. Alipofika mwisho alikaa chini akashika tumbo, akatapika, halafu akanikumbatia.

Nilirudi nyumbani kwa miguu peke yangu. Baba aliponikuta chumba cha mbele, nilimmwagia yote.

"Ulijua! Ulinipima nina miaka kumi na miwili ukajua. Kwa nini uliniacha niamke kila siku kama punda, kama ulijua mtu atakuja kunishinda bila kufanya kitu?"

Alikwenda kwenye rafu, akachukua daftari jekundu, akalifungua ukurasa wa kwanza kabisa, ambao sikuwahi kuusoma kwa sababu ulikuwa umegandana na jalada. Ulikuwa na vipimo vya mtu mmoja. Mguu, inchi ishirini na nane. Pembeni, muda wa mita mia nane, kuanzia miaka kumi na tisa mpaka ishirini na sita. Ulianza dakika mbili na sekunde ishirini na moja. Ulishuka mstari kwa mstari, sekunde moja, nusu sekunde, sekunde mbili, mwaka mmoja haukushuka kabisa. Mstari wa mwisho: dakika moja, sekunde hamsini na tisa.

"Huyu ni nani?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Huyu hakuwahi kushinda hata mbio moja. Wa nne, wa nne, wa sita, wa nne. Mara moja wa tatu, mmoja alipoanguka." Akaweka kidole kwenye mstari wa juu, kingine kwenye mstari wa chini. "Lakini huyu na huyu ni mtu mmoja. Ukiwaweka pamoja uwanjani, huyu wa chini anamwacha huyu wa juu zaidi ya mita mia. Miguu ile ile, mwanangu. Inchi ishirini na nane mwanzo, ishirini na nane mwisho."

"Lakini alikuwa wa nne."

"Ndiyo. Ilimuuma sana." Akafunga daftari. "Sikukuficha. Sikujua kiasi chako. Mpaka leo bado sikijui. Ukitaka kuacha, acha, nguo za kutia vifungo ziko tele hapa."

Nilikaa siku tisa bila kwenda uwanjani. Nilitia vifungo. Siku ya tano mama alinikuta nimenuna juu ya kanzu ya mtu, akaketi karibu yangu na viatu vyake vya kazini mkononi.

"Nimepokea watoto hata hesabu imenipotea," akasema. "Wote wanakuja miguu imekunjwa hivi." Akakunja vidole. "Jamaa wote wanachungulia, 'ana pua ya babu, ana mikono ya shangazi.' Miguu hakuna anayeisema, maana bado imekunjwa."

"Mama, hiyo inanisaidia nini?"

"Sijui. Mimi nimetoka kazini nimechoka, nilitaka kukaa." Akanipapasa kichwa, akaenda kulala. Siku ya kumi nilirudi uwanjani. Sikurudi kwa sababu nilipata jibu. Mwili wenyewe ulikuwa unawasha saa kumi na mbili ikifika.

Korongo alipofika miaka ishirini alichaguliwa timu ya taifa. Mji mzima ulimsindikiza kituoni. Baba alimshonea suti ya michezo yenye mistari pembeni, akaishona kwa siku nne, akaifumua kiunoni mara mbili. Alikwenda mashindano ya nchi nyingi, tukakaa chumba cha mbele watu thelathini kuzunguka redio moja, mwoka mikate amekalia meza ya kukatia na baba hakumkataza. Mtangazaji alitaja jina lake mara moja mwanzoni. Hakulitaja tena. Alimaliza wa mwisho katika mchujo.

Juma moja baadaye aliingia dukani na begi lake, hajafika hata kwao. Akaketi kwenye benchi la wateja. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na kichekesho.

"Fundi," akasema, "kule wote walikuwa korongo."

Baba akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Kila mmoja ana miguu kama yangu," akaendelea. "Mwingine ana mirefu zaidi. Mama zao walikimbia, baba zao walikimbia. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikasema basi hapa mimi nina nini? Sina kitu. Wao wana miguu na wanaamka."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kuamka."

"Kesho saa kumi na mbili," baba akasema. "Na kesho kutwa. Na siku ambayo mimi nitakuwa mgonjwa."

Korongo akanigeukia. Nilikuwa nashona tundu za vifungo, naangalia sindano yangu. "Na wewe utakuja?"

Nisidanganye, wivu ulinila. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na mwaka huo nilikuwa nimefikia dakika nne na sekunde thelathini na moja, ambayo ndiyo kasi kubwa kuliko zote nilizopata maishani, na hakuna aliyenisindikiza kituoni. Lakini nilikuwa nimemsubiri aamke kwa miaka saba. Nilitaka kujua. Nikasema nitakuja.

Miaka miwili iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka zaidi kuliko yote. Ukungu juu ya matofali yaliyopangwa, moshi wa tanuri la kiwanda, baba amejifunga sweta kiunoni, saa mkononi, anapiga kelele namba. Kazi yangu ilikuwa kumvuta Korongo. Mizunguko miwili ya kwanza niliiweza kwa kasi yake, nikikimbia mbele yake nimkinge na upepo, yeye akitembea na kivuli changu. Wa tatu nilitoka pembeni na mapafu yanawaka, nikasimama mikono magotini nikimwona anakwenda peke yake. Mwanzoni alikufa mzunguko wa tatu kila mara. Alilia. Alimtukana baba kwa sauti ndogo aliyodhani haisikiki. Baba akamwambia, "Tusi zuri, lakini umepoteza pumzi." Nami ndiye niliyemfundisha vitu ambavyo hakuvijua kwa sababu hakuwahi kuvihitaji: namna ya kukimbia umechoka, namna ya kuhesabu hatua mpaka kona inayofuata tu, namna ya kulala mapema hata kama kuna ngoma. Nilishangaa kuona kumbe ninayajua mengi kiasi hicho.

Alirudi kwenye mashindano yale yale. Safari hii mtangazaji alilitaja jina lake mara kumi na moja. Mwoka mikate alizihesabu. Alipita mchujo, akaingia fainali, akamaliza wa tano kwa dakika nne na sekunde tisa. Chumba kilipasuka. Mtu mmoja alikumbatia lile sanamu la mke mwenza akaanguka nalo. Baba alitoka nje akasimama barabarani, amenipa mgongo, na nilipomfuata alikuwa anafuta miwani kwa ncha ya futi, jambo ambalo haliwezekani, futi haifuti kitu.

Korongo hakupata nishani. Goti lilimwacha miaka mitatu baadaye, akarudi tanurini, akaolewa, akazaa. Mimi nilirithi cherehani, ingawa mikono ya ushonaji sikuirithi hata chembe. Ilinichukua miaka mitatu kutia zipu isiyopinda, na baba alizifumua zote mbele yangu. Nilizaa binti mmoja mrefu, miguu ya upande wa baba yake, inchi thelathini na nne. Mzee alipompima alikaribia kuruka. Binti akamwambia, "Babu, mimi sipendi jasho." Leo anatengeneza redio na simu, na akitaka kitu cha chumba cha pili anapiga kelele aletewe. Baba aliuguza huzuni hiyo kama mwezi hivi, kisha akamshonea suruali nzuri kuliko zote alizowahi kukata, akasema basi miguu hiyo angalau itembee.

Msimu wake wa mwisho alikuwa anakuja uwanjani na kiti cha kukunja, magoti hayamtaki tena. Jumamosi moja tulikuwa na mbio za watoto wa shule. Wa kwanza walishafika, wazazi walishaanza kukunja mikeka, na msichana mmoja mzito wa mwendo alikuwa bado nusu mzunguko nyuma, peke yake, uso umeiva. Watu walianza kukata njia mbele yake. Baba akainuka kutoka kwenye kiti kile, akawapigia kelele waondoke njiani, sauti ambayo sikuisikia kwake kwa miaka. Saa yake ilikuwa bado inakwenda. Msichana alipovuka mstari aliibonyeza.

"Umepunguza sekunde nne," akamwambia.

"Nimekuwa wa ngapi, babu?"

"Hilo kawaulize waliokuwa wanaangalia wengine. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe."

Alifariki mvua zilizofuata, kwa utulivu, mchana, mama akiwa amemshika mkono kwa ujuzi ule ule aliowapokelea watoto.

Siku hizi mimi na Korongo tunatembea pale uwanjani asubuhi, polepole, goti lake bovu na mapafu yangu ya umri. Klabu ina kocha mwenye cheti, kijana mzuri. Sisi tunabishana. Mimi namwambia ningekuwa na miguu yake, dunia ingenijua. Yeye ananiambia angekuwa na kichwa changu tangu miaka kumi na mitatu, asingekuwa wa tano. Hatujawahi kukubaliana, na hatuna haja. Mzunguko wa tatu ukiisha anaangalia saa, anasema mikate itaungua, na tunakata njia katikati ya majani kurudi mjini, yeye hatua moja, mimi hatua mbili.